Viatu vya kike vya mtindo wa zamani ambavyo haviumizi miguu, mnavipataje?

tausi_wa_zamani

Habari zenu wapendwa, naombeni mawazo kwa wale mnaopenda mavazi ya zamani kama mimi. Mi napenda sana mitindo ya miaka ya 1930 na 1940, magauni yanayoshuka chini kidogo ya goti, sketi zilizokatwa vizuri kiunoni, mabega yaliyosimama, na sio kwa sherehe tu, nayavaa kazini siku za kawaida kabisa. Nguo nimeshazipatia. Kinachonitesa ni viatu.

Mguu wangu mpana mbele alafu kisigino chembamba. Nikivaa skuna ya kawaida ya namba yangu vidole vinabanwa mpaka kile kidogo kinachubuka, nikipanda namba moja vidole vinapata nafasi ila kisigino kinachomoka kila nikipiga hatua, inabidi nitembee nimekunja vidole ili kiatu kisibaki nyuma, jioni nyayo zinawaka moto na kiuno nacho kinauma. Kazi yangu ni ya kusimama kuliko kukaa. Wengi wananiambia nivae tu raba alafu skuna nibebe kwenye mkoba, nawaelewa, ila sitaki, nataka kiatu kimoja kinachoendana na gauni na ninachoweza kukivaa toka asubuhi mpaka jioni nikasahau kama nimekivaa.

Kwahiyo maswali yangu, ni mtindo gani wa zamani unaoufaa mguu kama wangu? Ninunue vya zamani vyenyewe au vinavyotengenezwa sasa kwa mtindo wa zamani? Na kwavile vingi vinauzwa mtandaoni, unajuaje kitakukaa kabla hujalipa? Kisigino nisingependa kizidi sentimita 5 au 6.

shangazi_M

Mdogo wangu, tafuta mkanda au kamba. Ukishika hilo tu umeshapunguza nusu ya mateso.

Skuna iliyo wazi juu haina kitu cha kuushika mguu zaidi ya kuubana, inabana mbele na inabana nyuma, ndo maana ikiviachia vidole inakiachia na kisigino. Kiatu chenye mkanda kinaushika mguu pale juu kwenye mgongo wake, kwahiyo mguu hauteremki mbele kwenda kugonga ncha na kisigino hakichomoki hata kama mbele kuna nafasi. Kwa mguu wako mpana mbele mwembamba nyuma sioni njia nyingine, na bahati nzuri kwenye mitindo ya zamani mikanda imejaa tele.

Miaka ya 1920 sketi zilipopanda na watu wakawa wanacheza dansi za kurusha miguu kama Charleston, mwanamke alihitaji kiatu kisichoruka, basi ikaenea mikanda ya kila namna, mmoja wa kukatiza, miwili, au ule unaopanda katikati ya mguu ukakutana na wa kukatiza wakafanya umbo la T. Huo wa T naupenda sana ila angalia kitu kimoja, ule mkanda wa katikati usiwe umeshonwa ukabana kabisa, mguu wenye mgongo wa juu unaumia pale.

Miaka ya 1930 ndo utakutana na oksfodi za kike, viatu vya kufunga kamba lakini vina kisigino. Hivi ndo vipenzi vyangu na ningekuwa wewe ningeanzia hapa, kwasababu kamba unaikaza mwenyewe unavyotaka asubuhi na miguu ikivimba mchana unailegeza, hakuna mkanda wenye matundu unaokupa uhuru huo. Na vinaenda na sketi kuliko watu wanavyodhani, hasa zile za rangi mbili, kahawia na nyeupe au nyeusi na nyeupe.

Miaka ya 1940 visigino vikawa vinene, ncha ya mviringo, na soli ya mbele ikanenepa. Wakati wa vita ngozi ilikuwa adimu, Marekani viatu viliwekwa kwenye mgao kuanzia Februari 1943 mpaka Oktoba 1945, mtu akinunua jozi inabidi idumu, kwahiyo utaona vingi vimejengwa kwa kutembelea kweli. Hata kile kisigino cha kabari kinachoshikana na soli yote kilienea kipindi hicho, fundi viatu Mwitaliano Salvatore Ferragamo alikitengeneza kwa koki, ile mbao nyepesi ya vizibo vya chupa, miaka ya 1930 pale chuma kizuri cha kuweka ndani ya viatu kilipokuwa shida kupatikana Italia. Kabari ni tamu kwa anayesimama, unyayo wote umeegemea kitu.

Ukivuka katikati ya miaka ya 1950 kuwa makini. Hapo unaingia mchuchumio wa kisigino cha sindano, kilichosimamishwa na chuma ndani, mbunifu wa viatu Roger Vivier alivitengeneza kwa ajili ya Dior, na mwisho wa muongo huo ncha zikawa kali kabisa. Ni vizuri kwa macho sikatai. Kwa mguu mpana wa kusimama kutwa nzima, hapana. Na zile za kamba nyuma ya kisigino, mfano ile maarufu ya Chanel ya 1957 yenye mwili wa rangi ya mchanga hafifu na ncha nyeusi, ni nzuri ajabu, ile rangi inaurefusha mguu na ncha nyeusi inaufupisha unyayo, lakini mwenye kisigino chembamba kamba ya nyuma inamteremka, usiichukue mpaka uone kamba ina matundu ya kukazia.

FundiKalibu

Dada tausi, mi ni fundi, nashona na kukarabati viatu. Shangazi kasema vizuri kuhusu mikanda ila nataka niongeze kitu ambacho wanunuzi wengi hawakiangalii, nacho ni kalibu, lile umbo la mguu ambalo kiatu kinajengwa juu yake. Viatu viwili namba moja, kiwanda kimoja, mtindo unaofanana, vikijengwa kwenye kalibu tofauti vinakuwa viatu tofauti kabisa. Shida yako sio namba. Shida yako ni kwamba unavaa kalibu ambayo upana wa mbele na wa nyuma unakwenda pamoja, ukipanda namba inapanuka kote kote. Kuna viatu vinajengwa kwa kalibu ambayo nyuma ni nyembamba kuliko mbele, zamani hiyo ilikuwa kawaida kwa viatu vizuri vya kike na hata leo wapo wanaotengeneza hivyo, muuzaji muulize hivi, kisigino ni chembamba kuliko mbele au ni sawa? Anayeijua bidhaa yake atakujibu.

Sasa pima miguu. Pima jioni, kwasababu mguu wa jioni umetanuka, vaa soksi au stokingi utakayovaa na kiatu, simama kwenye karatasi uzito wote umegawanyika miguu miwili, mtu mwingine akuchoree penseli ikiwa imesimama wima, usijichoree mwenyewe maana ukiinama mguu unabadilika. Pima urefu, pima sehemu pana kuliko zote, alafu pima na kitu cha tatu ambacho watu hawakijui, kutoka nyuma ya kisigino mpaka kwenye kifundo cha dole gumba, pale mguu unapokunjikia. Hicho kipimo ni muhimu kuliko urefu wa vidole, kwasababu kiatu nacho kina mahali pake pa kukunjikia, visipokutana, kiatu kinakunjika mahali mguu haukunjiki na hapo ndo nyayo zinapowaka moto. Miguu ikitofautiana, nunua kwa mguu mkubwa, mdogo utasaidiwa na kipande cha kujazia.

Kuhusu namba za mtandaoni usiamini zile jedwali za kubadilisha. Namba ya Ulaya inapanda kwa theluthi mbili za sentimita, kama milimita 6.67, ya Uingereza na ya Marekani inapanda kwa theluthi moja ya inchi, karibu milimita 8.5, kwahiyo haziwezi kulingana sawasawa hata siku moja, kuna mahali lazima watu wakadirie. Na herufi za upana nazo zinachanganya, kwa viatu vya kike vya Marekani B ndo upana wa kawaida na D ni mpana, ila Uingereza D ndo ya kawaida na E ndo mpana, mtu anaona D anadhani kapata kipana kumbe ni cha kawaida. Omba vipimo kwa sentimita, urefu wa ndani na upana wa soli pale mbele. Basi.

Kiatu kikifika kabla hujakitembelea kiweke juu ya meza iliyonyooka. Bonyeza kwa kidole ndani pale kisigino kinapokaa, kiatu kisitikisike wala kisielemee nyuma, kikiyumba maana yake kisigino hakijakaa chini ya mfupa na wewe ndo utakuwa unakibalansi kutwa nzima kwa misuli yako. Alafu kishike mbele na nyuma ukikunje, kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapoanzia tu, kikikunjika katikati kwenye uvungu wa wayo ujue kile chuma cha ndani ni dhaifu au hakipo, kirudishe. Tatu, ingiza mkono uguse ndani mshono kwa mshono, hasa pale kifundo cha dole gumba kitakapokaa.

Kisigino usiangalie urefu peke yake. Chenye sentimita 6 nyuma na soli ya sentimita moja na nusu mbele, mguu wako umeinuka sentimita nne na nusu tu, ni nafuu kubwa, ndo maana vile vya miaka ya 40 vyenye soli nene mbele vinaonekana virefu lakini havichoshi. Kadri kisigino kinavyopanda uzito unahamia mbele ya unyayo, hakuna mto utakaolibadilisha hilo.

mchezadansi

Mi nije na njia nyingine, angalia viatu vya dansi. Vile vya jukwaani vya mkanda mmoja, ncha ya mviringo, kisigino kinene cha inchi moja na nusu au mbili, ukivitazama vinafanana sana na vya miaka ya 1920 mpaka 1940 na vimetengenezwa kwa mtu anayekesha kwa miguu yake. Ngozi laini, kiatu kinamfuata mguu, na kisigino kimewekwa barabara chini ya mfupa maana mchezaji akiyumba anavunjika. Wachezaji wa lindi hop, ile dansi ya zamani ya Marekani, nao wanavaa hivihivi na hata zile za kabari.

Angalizo, soli. Vingi vya ukumbini vina soli ya suedi ile yenye vinyweleo, ukienda nayo nje ikilowa au ikashika vumbi imekwisha. Chukua vyenye soli ya ngozi alafu fundi akubandikie mpira mwembamba chini. Na vingine soli yake ni nyembamba mno kwa sakafu ngumu, mi naweka soli ya ndani yenye uvungu, ile nyembamba ya kukata, sio ile minene maana itaupandisha mguu juu na mkanda utaanza kukata.

tausi_wa_zamani

Jamani asanteni, sikutegemea nitapata majibu ya kina hivi. Nimepimwa jioni hii kama fundi alivyosema, mguu wa kushoto sentimita 24.3 na wa kulia 24.6, upana 9.7 pale mbele. Nilikuwa nanunua 38 siku zote.

Alafu kuna jozi nimeiona mtandaoni, muuzaji anasema ni ya miaka ya 1940 yenyewe kabisa, oksfodi nyeusi za kisigino kinene, zimetunzwa vizuri kwa macho, ndani kuna tarakimu zimeandikwa kwa wino na mojawapo inasomeka 8 B. Shangazi, fundi, mnasemaje, nichukue?

shangazi_M

Nani alikuambia 38 mdogo wangu! Kwa 24.6 mi ningeanzia 39, na ukiwa na kamba ya kukaza 39 haitapwaya. Kule ulikopanda namba ukaona kisigino kinatoka ulikuwa unajaribu skuna wazi, usiichukulie kama ushahidi.

Hiyo jozi usiikatae haraka. Zile tarakimu za ndani mara nyingi zinachanganya namba ya kiatu, upana, na namba ya kalibu, kwahiyo hiyo 8 B ikiwa ni ya Marekani ni nane ya upana wa kawaida. Sasa upana wa kawaida wa kipindi kile usiutegemee, vya zamani vingi nilivyoshika mkononi ni vyembamba, utaona AA na AAA kibao, ambazo ni nyembamba kuliko B, B humo unaweza ukaiona ni ya neema lakini pima. Muombe muuzaji upana wa soli kwa sentimita na picha ya soli, ya ndani, ya kisigino kwa nyuma, na picha ya ngozi pale inapokunjika. Mikunjo ni kawaida, nyufa sio kawaida. Ufa ukishaingia kwenye ngozi hauponi, utapaka mafuta utaona imeng'aa na kesho yake utakanyaga ipasuke.

Ikija nzima, usiivae siku hiyohiyo. Futa vumbi, paka mafuta ya ngozi kidogokidogo, acha inywe, rudia, alafu ndo uanze kuikunja kwa mkono taratibu. Ngozi iliyokaa miaka mingi bila kukunjwa ukiishtua inakatika.

FundiKalibu

Hapa mi na shangazi tunaachana kidogo, kwa heshima zote. Kwa kuvaa kutwa nzima kazini tena kwa kusimama, mi nasema usinunue vya zamani vyenyewe. Sio kwamba vilitengenezwa vibaya, vingi vilitengenezwa vizuri kuliko hivi vya leo, lakini gundi imekauka, nyuzi zimechoka, chuma cha ndani kinaweza kuwa kimeshika kutu na huwezi kukiona mpaka ufungue soli. Kwa mtoko, kwa picha, kwa masaa machache, sawa. Sio kila siku. Na kama utanunua vya miaka ya karibuni zaidi, vya 1970 na kuendelea vyenye soli nyepesi za poliyurithani, aina ya plastiki, hizo hata kama hazijawahi kuvaliwa zinameng'enyeka zenyewe kwa unyevu wa hewa, unatembea nyuma yako zinadondoka vipandevipande. Soli ya ngozi au ya mpira halisi naweza kuibadilisha, ile nyingine mara nyingi inaondoka na kiatu chote.

shangazi_M

Fundi sikupingi kwenye soli za kisasa. Ila oksfodi ya ngozi ya miaka ya 40 iliyopita kwa fundi anayejua, akashona upya pale panapohitaji na akabadilisha soli, inavalika, mimi ninazo na nazivaa. Tofauti yetu ni kwamba wewe unaongelea kiatu kabla ya ukarabati na mimi baada yake. Tukubaliane hivi, kama gharama ya kiatu ukijumlisha na ya fundi inamzidi, achukue kipya chenye mtindo wa zamani.

Na vipya vipo mdogo wangu. Kuna Remix Vintage Shoes, kuna Royal Vintage ambao ni ndugu na American Duchess, hao wanarudia mitindo ya vipindi husika kabisa, na kama utapenda usivae kisigino kabisa Charlie Stone wa Australia wamejikita kwenye viatu flati vyenye sura ya zamani. Mi nakushauri usisome jina la kampuni usome maelezo ya kila kiatu na maoni ya waliovaa, tafuta mwenye mguu kama wako aliyeandika "nina mguu mpana mbele", huyo mmoja ana faida kuliko wengine wote walioandika vizuri sana.

nyota_ya_asubuhi

Samahani naingilia, mi nina kifundo cha dole gumba kilichotokeza, mfupa ule wa pembeni, na napenda mitindo hiihii. Ushauri wa mikanda ni kweli lakini kwa wenzangu wenye hali kama yangu angalieni MKANDA UNAPITA WAPI. Ile mikanda iliyokaa mbele sana inapita juu ya kifundo chenyewe, bora iliyopanda juu karibu na kifundo cha mguu. Oksfodi zenye vitobo vya mapambo na vipande vingi vya ngozi vilivyoshonwa juu ya vingine, zile mishono inakutana palepale kwenye mfupa, chagua zenye upande wa mbele wa kipande kimoja laini. Suedi inanikubali kuliko ngozi inayong'aa kama kioo, ile ya kung'aa haitanuki hata uilalie.

Na swali kwa fundi, kiatu kinaweza kutanuliwa sehemu moja tu? Maana nikitanua chote kinapwaya.

FundiKalibu

Inawezekana dada nyota, tuna koleo lenye tufe upande mmoja na duara upande mwingine, linabana ngozi pale tu penye mfupa, unalowesha ngozi kidogo kwa dawa ya kulainishia, unaacha usiku kucha, asubuhi pana kifuko cha kutosha mfupa na sehemu nyingine haijaguswa. Kwa ngozi halisi inakubali vizuri, suedi ndo zaidi. Reksini na ngozi bandia nyingine zinarudi zilivyokuwa au zinapasuka, usinipe lawama. Na wote mjue, kiatu kinatanuliwa upana, urefu hautanuliwi, kama dole gumba linagonga ncha hicho kiatu ni kifupi, kiache. Ila mfupa ukizidi kuuma au dole likaanza kulalia lile la pili nenda ukamuone daktari wa miguu, hapo sio kazi ya kiatu tena.

Kushusha kisigino pia nafanya, watu wananiuliza sana. Nusu sentimita mpaka sentimita moja, nikizidisha hapo ncha ya mbele inainuka na kiatu kinakaa vibaya kwasababu kile chuma cha ndani kimekunjwa kwa urefu ule wa mwanzo. Mtu anayeleta mchuchumio wa sentimita 10 anataka uwe wa 5 namwambia ukweli, haiwezekani.

mchezadansi

Niongezee kwenye vipande vya kujazia maana watu wanavibandika popote. Ule mto mdogo wa duara dufu, unaofanana na nusu ya yai, hauwekwi chini ya pale panapouma. Unawekwa NYUMA yake kidogo, upande wa uvungu, ili uinue ile mifupa na kuitawanya. Ukiuweka chini ya maumivu yenyewe unaongeza presha palepale na tena unaijaza nafasi ya vidole kwa juu. Na kile cha kubandika nyuma kwenye kisigino kinasaidia kama kiatu kimepwaya kidogo sana, kama kimepwaya sana kitakusukuma mbele vidole vibanwe, unarudi ulikotoka.

tausi_wa_zamani

Nimesoma yote nimerudia. Ile jozi ya zamani nilimuandikia muuzaji akanitumia vipimo, upana wa soli mbele ni sentimita 7.4. Fundi, mguu wangu ni 9.7, hiyo si itanila?

Alafu kuna nyingine mpya, oksfodi ya rangi mbili, kahawia na rangi ya maziwa, kamba, ncha ya mviringo, kisigino kinene sentimita 5, soli ya ngozi, 39 upana wa kawaida ila maelezo yanasema nyuma ni nyembamba kuliko mbele. Upana wa soli 8.3. Waliovaa kuna dada kaandika mguu wake mpana na hajapanda namba. Hii nimeipenda kwelikweli, picha yake nimeshaitazama sana leo. Na je soli ya ngozi niibandike mpira kabla ya kuivaa au nisubiri?

FundiKalibu

Usichanganye, soli siku zote ni nyembamba kuliko mguu, ngozi ya juu inatanuka nje ya soli kidogo, kwahiyo 8.3 kwa mguu wa 9.7 kwenye kiatu cha kike chenye kisigino sio mbaya hata kidogo. Chukua karatasi uliyochorea mguu, kata kadi yenye upana wa 8.3 iweke juu ya mchoro pale mbele, utaona kila upande kinabaki kidogo tu nje, hicho kidogo ngozi laini inakibeba. Fanya hivyohivyo na ya 7.4 uone mwenyewe, kidole chako kidogo chote kitakuwa kimening'inia nje ya soli. Achana nayo, hata shangazi hapo atakubali.

Mpira usubiri. Kivae kwanza ndani, kwenye zulia au sakafu safi, jioni jioni, nusu saa, saa moja, kamba ukiwa umeilegeza mbele na umeikaza juu, ndo inavyofungwa kwa mguu kama wako, matundu ya chini yaachie nafasi matundu ya juu yashike. Soli ikiwa safi bado unaweza kurudisha, nikishabandika mpira hakuna atakayekipokea. Ukiona siku kadhaa hakuna panapochubuka na kisigino kimekaa, peleka kwa fundi aliye karibu yako, mwambie akwangue soli kidogo abandike mpira mwembamba wa milimita moja au mbili, uishie kabla ya uvungu, na mwambie aangalie mpira wa chini ya kisigino, vingi vinakuja na plastiki ngumu inayoteleza, abadilishe yote kwa pamoja ili urefu wa mbele na wa nyuma usipishane.

shangazi_M

Nakubali, 7.4 iache, kuna mwanamke mwenye mguu mwembamba mahali anaitafuta hiyo jozi. Hiyo kahawia na maziwa ndo yako. Ila ile sehemu ya rangi ya maziwa ipake nta isiyo na rangi kabla hujatoka nayo nje na kitambaa chake kiwe cha peke yake, kahawia ikihamia kwenye maziwa haitoki. Na kamba nunua jozi ya ziada za rangi zote mbili, ya kahawia ikivaliwa na gauni jeusi haikai, ya maziwa inakaa.

tausi_wa_zamani

Nimeagiza. Ikifika naijaribu kwenye zulia kwanza, mchoro wa mguu nimeuhifadhi, na nitaleta picha nikiwa nimeivaa na ile sketi yangu ya kijani ya mikunjo. Nyota, hiyo oksfodi mbele ni kipande kimoja hakina vitobo, nimeangalia kwa ajili yako, ukitaka nikutumie linki.

nyota_ya_asubuhi

Tuma tuma! Kama wana ya suedi niambie.